Kutolewa Langoni kwa Kosa la Kuzaliwa Jumatano

Kwaku Ntim,
Kibanda cha fufu cha Mama Serwaa,
Nkwantaso.
Jumanne, wiki moja kasoro siku moja kabla ya fainali.

Kwa Mwenyekiti,
Timu ya Vijana ya Nkwantaso
(ambaye pia ni mjomba wangu, ila kwa leo naomba tusijuane).

Mheshimiwa Mwenyekiti Kwasi Adusei,

YAH: KUVULIWA GLOVU BILA USHAHIDI WOWOTE ISIPOKUWA KALENDA

Shikamoo. Nimeiweka juu kabisa ili usije ukaiambia kamati kwamba kijana hana adabu. Adabu ninayo, na hiyo hapo umeiona.

Ninayeandika ni golikipa wako wa misimu miwili. Nilisoma hadi kidato cha pili, nacho nilikirudia, na mbili mara mbili ni nne, kwa hiyo naomba barua hii isomwe kama ya mtu wa kidato cha nne.

Mheshimiwa, turudi Jumamosi iliyopita kule Dwenemso, nusu fainali. Wakati wa mapumziko mwamuzi aliweka filimbi yake mezani akanywa maji. Kipindi cha pili filimbi haikuonekana. Ikabidi achezeshe kwa mdomo, "Fiii! Fiii!", mpaka sauti ikamkauka akabaki kupiga makofi, na wenyeji wakadhani anatushangilia sisi. Walipomzunguka kubishana naye, mshambuliaji wetu Yaw Badu akafunga. Mbili kwa moja. Tukaingia fainali. Na nisijisifu sana, lakini kabla ya hapo nilidaka penalti kwa mkono mmoja, huo mwingine nikiwa navuta kaptura.

Tuliporudi nyumbani nilitegemea kubebwa mabegani. Badala yake ukaitisha kikao kwenye benchi la fundi baiskeli, kumtafuta mwizi wa filimbi. Hukuuliza nani alikaa karibu na meza. Hukupekua mfuko wa mtu. Uliuliza swali moja tu: "Hapa nani ni wa Jumatano?" Watu kumi na tisa wakageuza shingo kunitazama. Kesi ikaisha hapo, ndizi moja ilikuwa haijamaliza kumenywa.

Halafu ukatoa hotuba. Naikumbuka neno kwa neno: "Sisi tunazaliwa na siku, siku ndiyo jina, na siku ndiyo tabia. Wa Jumatatu ni Kwadwo, mpole, ana amani, unaweza kumwachia nyumba na watoto. Wa Jumatano ni Kwaku, huyo ni ndugu yake yule buibui tapeli wa hadithi za bibi. Ukimwachia lango, utakuta ameuza nyavu." Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka kidogo, kwa kutojua. Kisha nikavuliwa glovu zangu akapewa Kwadwo Frempong, na ukatangaza kuwa kuanzia sasa lango letu litakaa na mtu wa Jumatatu tu.

Fainali ni Jumatatu ya Pasaka. Na wewe ndiye uliyetuambia kwamba anakuja kocha kutoka Kumasi kutafuta golikipa mmoja kwa ajili ya chuo chake cha soka. Mmoja, Mheshimiwa. Nisipokuwa langoni siku hiyo hatanijua, ataondoka, na mimi nitageuza fufu ya mama mpaka meno yaniishe. Kwa hiyo haya si mambo ya kucheka. Malalamiko yangu nayaweka kwa namba, kama mahakamani.

1. Mikono. Tangu nina miaka tisa ninakaa chini kwenye kinu, dada yako Serwaa, yaani mama yangu, anatwanga mihogo na ndizi kwa mchi mrefu kuliko yeye, mpaka ishikane kama ugali, na mimi nageuza hiyo fufu kwa mkono kati ya pigo na pigo. Mama hatazami. Anatwanga huku anagombana na wateja. Miaka kumi, na vidole vyangu vyote ni kumi, nimevihesabu kabla ya kuandika. Mtu aliyezoea kuutoa mkono chini ya mchi wa Serwaa atashindwaje na mpira, ambao hata hauna hasira?

2. Kwadwo Frempong. Ni rafiki yangu, simsemi vibaya, namsema kweli. Juzi mazoezini amefungwa saba. Mpira ukija anaupisha kama anavyopisha watu wa msiba. Bao la nne, mshambuliaji alijikwaa, Kwadwo akaacha lango akaenda kumfuta vumbi: "Pole kaka, umeumia?" Mpira ukampita taratibu, ukaingia, naye akautazama akasema, "Ingekuwa vibaya kuuzuia, ulikuwa umeshafika." Nahodha akamfokea, "We Kwadwo, uko golini au uko kanisani?" Akajibu, "Popote, mradi amani." Sasa mtu wa namna hiyo, Mheshimiwa, unampeleka fainali? Wale watatufunga mpaka waone aibu wenyewe.

3. Siku nyingine. Unasema wa Alhamisi, Yaw, ni shujaa wa vita. Yaw Badu wetu anafunga mabao, sikatai, lakini wiki jana alifukuzwa na bata mzinga wa katekista kutoka kisimani mpaka shuleni, na aliyemwokoa ni mtoto wa darasa la kwanza mwenye fimbo. Unasema wa Ijumaa, Kofi, ni msafiri asiyetulia. Beki wetu Kofi alikuwa hajawahi kuvuka njia panda. Tulipokwenda Dwenemso, mwendo wa nusu saa, alitapika mara tatu, akauliza kama huko wanasema lugha yetu.

4. Tangu kikao chako, maisha yangu mtaani. Maame Pokuaa wa karanga akiniona naja anakaa juu ya karanga zake. Anazikalia kabisa, kisha anasema, "Kwaku mwanangu, hujambo? Pita tu, pita." Vijana wakipoteza kitu wananipigia kelele: "Kwaku, ndala yangu ya kushoto iko wapi?" Jumapili kanisani mchungaji alitangaza kwamba kitabu cha nyimbo kimepotea, na bibi kizee wa mbele akaligeukia benchi letu akanikodolea macho hadi sala ikaisha. Kitabu alikuwa amekikalia mwenyewe.

5. Hili la tano naomba ulisome ukiwa umekaa. Mwanamke wa Jumatano anaitwa Akua. Mke wako ni Maame Akua. Kwa hoja yako, mwanamke huyo hafai kuachiwa kitu. Na bado, Mheshimiwa, yeye ndiye anayeshika funguo za nyumba yako, yeye ndiye anayekupikia supu, na wewe unailamba mpaka bakuli linaomba msamaha. Ama ni tapeli, ufunge jiko na uhamie kwa fundi baiskeli leo hii, ama Jumatano ni siku kama siku nyingine, unirudishie glovu. Katikati hakuna. Nilipomuuliza Maame Akua mwenyewe alisema, "Mwambie mjomba wako akija jioni tutaongea kuhusu Jumatano." Sikupenda alivyotabasamu. Nakupa taarifa mapema kama mtoto mwema.

6. Na wewe mwenyewe. Wa Jumapili, Kwasi, ni kiongozi kwa kuzaliwa. Hilo umelisema mara nyingi kuliko kikao kilivyotaka. Ni wewe uliyetuongoza tukienda Dwenemso. Ulikaa mbele na dereva ukinyoosha kidole, "Kushoto, mimi najua," tukajikuta kwenye mazishi ya watu tusiowajua, tumevaa jezi, tukalazimika kushika nafasi kwenye mstari na kuwapa mkono wafiwa wote. Kofi alilia kweli. Tulilishwa wali, sikatai, ulikuwa mzuri. Lakini kiongozi?

7. Mwisho. Kama siku ndiyo tabia, basi tuende nayo mpaka mwisho, tusiishie kwa maskini mmoja. Kituo cha polisi kifungwe. Kalenda moja ukutani itatosha, na kila kitu kikipotea wakamatwe wa Jumatano wote, tukae ndani kwa zamu. Kliniki isizalishe siku hiyo. Mama akishikwa na uchungu Jumatano aambiwe ajikaze mpaka Alhamisi, apate shujaa. Na walimu waache mitihani, wasome tu majina ya watoto na kuandika alama. Mimi ningeshinda nini kwa utaratibu huo sijui, lakini angalau nisingerudia kidato cha pili.

Kwa hoja hizo saba, ambazo hata wakili wa Kumasi angezinunua, naomba kamati yako itamke wazi kwamba jina la mtu halisemi lolote juu ya mtu huyo, kwamba Kwaku anaweza kuwa mwaminifu na Kwadwo anaweza kuwa mlango uliosahauliwa wazi, na kwamba glovu zirudi mikononi mwangu kabla ya Jumatatu ya Pasaka. Filimbi siijui. Kwa nini niijue? Mimi ni wa mikono, si wa mdomo.

Wasalimie wajumbe wote wa kamati, hata yule aliyekuwa wa kwanza kugeuza shingo. Msalimie fundi baiskeli na benchi lake. Msalimie Kwadwo, mwambie simchukii, ila glovu azianike kivulini, jua linazikakamaza. Maame Akua usimpe salamu zangu, tayari tunaelewana.

Ni mimi, niliyeonewa na siku ya wiki,

Kwaku Ntim
Golikipa (kwa muda siko kazini)

N.B. Mjomba, sasa tujuane. Nilimsomea mama barua hii kwa sauti kabla ya kuifunga. Alicheka mpaka akaacha kutwanga, jambo ambalo wateja hawajawahi kuliona. Kisha akasema, "Jumatano gani? Wewe umezaliwa Jumatatu." Akatoa kadi ya kliniki kwenye kopo la biskuti. Jumatatu, Mjomba, imeandikwa kwa wino na kugongwa muhuri. Mama anasema baba alikuwa Abidjan, kwa hiyo siku ya nane ni wewe uliyenipakata, ukanipa jina la baba yako mzee Kwaku Ntim, na siku yake ukanibandika hiyohiyo, kwa heshima. Ukanitia tone la maji ulimini na tone la pombe, ili nikue msema kweli, ukasema, "Ukiona maji, sema maji. Ukiona pombe, sema pombe." Halafu ukasahau yote ukaja kunivua glovu.

Kwa hiyo naifuta barua yote, kuanzia namba moja mpaka saba. Nimefikiri upya, nimeona elimu ya majina na siku ni ya kweli tupu. Mimi ni Kwadwo. Nilikuwa nashangaa upole wote huu unatoka wapi! Nina amani, naweza kuachiwa nyumba na watoto, na kwa tamko lako mwenyewe lango letu linakaa na mtu wa Jumatatu tu. Tena fainali ni Jumatatu, siku yangu. Huyo Frempong naomba mpekue kadi yake, hasa ukurasa wa siku.

Imebaki jambo dogo. Kwa kuwa ulinifundisha mwenyewe ulimini, nami nikiona filimbi nasema filimbi. Imo ndani ya bahasha hii, nimeifunga kwa jani la mgomba isipige kelele njiani. Iliondoka Dwenemso na Kwaku. Anayeirudisha ni Kwadwo, mpole, mwaminifu, na ndiye atakayekuja kesho asubuhi kuchukua glovu.