Chakula Chepesi

Jumatatu, tarehe 3 Machi
Andika, fundi. Wewe una cherehani na una kalamu. Mimi kalamu naijua kwa kukunia mgongo tu. Leo nimepimwa presha. Nesi katikisa kichwa mpaka kofia ikamkaa upande. Kasema niache makorokoro, nile chakula chepesi, cha asili, kitoke shambani kiingie sufuriani. Maharage, boga, mchicha, matunda. Binti yangu akadakia papo hapo. Eti presha isiposhuka Jumamosi, siendi kumpakata kitukuu aliyezaliwa juzi. Ataenda wifi! Kitukuu wangu wa kwanza, apakatwe na yule mwenye viwiko kama misumari! Hata kumbembeleza mtoto hajui. Kwenye harusi yangu na kaka yake aliimba, mbuzi wakamjibu. Usiandike hilo. Haya, andika.

Jumanne, tarehe 4
Nimefikiri mpaka chai ikapoa. Neno la nesi ni chepesi. Basi nimepima kila kitu kwa kiganja. Kiazi: kizito. Papai: mzigo wa punda. Boga: nusura linivunje kidole cha mguu! Krispi: pakiti nzima nyepesi kama leso. Na si viazi hivyo, vimetoka shambani? Nimenunua pakiti kumi na mbili. Tatu nimekula palepale, dawa haicheleweshwi. Nyingine nimeficha kwenye sufuria iliyotoboka, juu ya kabati, pale marehemu mume wangu alipokuwa akificha tumbaku yake akidhani sijui. Nilijua. Miaka thelathini nilijua. Siri hii yangu na yako, fundi.

Jumatano, tarehe 5
Wizi! Pakiti nne zimeyeyuka. Ni wifi tu, tunalala nyumba moja. Nikamwambia mdomo unamng'aa. Kajibu ni mafuta ya kupaka, tena nizeeke kwa adabu. Mimi nizeeke! Kanizidi miaka mitatu, ila kila mwaka anarudi nyuma mmoja. Nikala maharage yake na mchicha bakuli zima, kwa hasira. Papai pia, kwa hasira. Pakiti tano zilizobaki nimehamishia ndani ya foronya, upande wa ukutani. Umeandika? Upande wa ukutani.

Alhamisi, tarehe 6
Foronya tupu! Nimemfuata wifi kutwa nzima. Akienda kuanika nguo, mimi nyuma. Akienda bombani, mimi nyuma. Nyumba tumeizunguka mara sita, jasho linanitoka. Hakula kitu ila ndizi, na nusu kanimegea. Ujanja huo, kunipumbaza. Jioni boga na kunde, maana hakuna kingine. Fundi, mbona karatasi ina madoa? Aa, mafuta ya cherehani. Cherehani za siku hizi zinanukia kitunguu! Pole, unajituma sana.

Jumamosi, tarehe 8
Jana hukuja, fundi. Tumbo, umesema. Ungekula chepesi kama mimi! Tena gauni limekubana, na mshonaji ni wewe mwenyewe. Sasa sikia: presha imeshuka! Ngazi za zahanati nimepanda bila kushika ukuta. Nesi kapima, akakigonga kimashine kwa kidole, akapima tena. Kaniuliza nimekula nini. Nikamjibu chepesi, kama ulivyoagiza. Kanisifu mbele ya watu! Wifi akapiga vigelegele mpaka machozi yakamtoka. Kasema nimbusu mtoto kwa niaba yake, mara mbili. Kidogo nimsamehe. Kidogo.

Kesho nampakata kitukuu wangu! Na siri ya afya nimeijua. Zile pakiti tatu za Jumanne ndizo zilizofanya kazi. Kama tatu zimefanya hivi, ishirini je? Nimeshanunua, za safari. Zimo kwenye begi la bluu, chini ya shali ya mtoto, nyuma ya mlango. Begi jepesi ajabu, kitoto kingelibeba. Wifi asijue. Andika vizuri hapo, fundi: nyuma ya mlango.

Mbona unainuka? Hatujamaliza.