Chupa ya Haluli Siku ya Ijumaa

Ndugu zangu wa barazani Unguja, leo sina pa kuuweka uso. Nawaandikia hata kanzu haijakauka. (Msiulize imefuliwa kwa nini. Mtajua.)

Mnajua nilikuja huku Kilwa Kivinje kumtazama binti yangu Mwanaidi na mumewe Athumani. Wamenipokea vizuri mno, Mungu awalipe. Ugali wa muhogo mchana, ugali wa muhogo usiku. Basi tumbo likafunga mlango na ufunguo likaumeza! Dawa yangu ya majani niliisahau huko nyumbani. Na mtu mwenye haya atamwambiaje mkwewe kwamba hapati choo? Nikasubiri. Nikamshukuru Mungu kwa kila hali. Leo asubuhi nikawa namshukuru nimejikunja.

Nikaaga kwamba nakwenda kunyoosha miguu. Kumbe nakwenda bomani kwa daktari wa Kidachi. Mtu mpole. Akanibonyeza tumbo, akaguna, akanipa chupa ya haluli, ile chumvi ya kulainisha tumbo, imekwisha kukorogwa katika maji. Mkalimani wake akaniambia, "Kijiko asubuhi, kijiko jioni. Usizidishe, mzee wangu."

Sasa huku kuna vita. Watu wa Umatumbini wamepewa maji ya dawa, wanaambiwa ukiyanywa risasi haikuingii. Kwa hiyo askari wa Wadachi akiona chupa tu, anashika bunduki. Nami nilikuwa nimeikumbatia yangu kifuani kama mtoto mchanga!

Askari mmoja akanikabili njiani. "Mzee, simama! Chupa hiyo ina nini?"

"Dawa."

"Dawa ya nini?"

Nikageuka. Nyuma yangu muadhini wa msikiti wa akina Athumani. Nyuma ya muadhini, kina mama wawili na mitungi yao, wamesimama kutazama. Nikasema, "Ya mwili tu, mwanangu."

"Ya kuzuia risasi?"

"Astaghfirullahi! Kapime chumvi hiyo kwa daktari wako!"

"Basi inatibu nini?"

(Neno moja tu lingeniokoa. Halikutoka. Hakuna lililokuwa linatoka.)

Askari akatabasamu. "Wenye maji ya vita huwagawia watu. Kama hii ni yako peke yako, imalize hapa hapa. La sivyo, twende ukafungwe."

"Daktari kasema kijiko kimoja."

"Daktari hayupo. Mimi nipo."

Nikasema bismillahi, nikainywa yote. Muadhini akanisindikiza kwa heshima hadi nyumbani, akinisifu kwa ushujaa.

Mlangoni Athumani ananingoja. "Baba, khatibu wetu ana homa. Wazee wanakuomba wewe, sheikh mgeni, utusomee hotuba ya Ijumaa."

Ningekataa kwa sababu gani? Nikasema inshallah.

Nikapanda mimbari. Nikashika ule upanga wa mti anaoushika khatibu. Msikiti umejaa hadi barazani. Na mada niliyoichagua, ndugu zangu, ni subira!

Nikaanza vizuri. Kisha tumbo likanguruma, mzee mmoja wa safu ya mbele akatazama dirishani kama kuna mvua. Nikapaza sauti. Tumbo nalo likapaza. Jasho likanitoka. Nikasema, "Enyi waja wa Mungu, msiwe na haraka..." Hapo hapo nikaruka chini, nikapita katikati ya watu, nikatoka mbio, upanga mkononi!

Kumbe mji mzima una hofu ya wapiganaji wa Umatumbini. Mtu mmoja akapiga kelele, "Wamefika!" Msikiti wote ukainuka. Viatu vikaachwa. Nakimbia, nasikia nyuma yangu kishindo, nageuka: jamaa yote ya msikitini inanifuata!

Nikajifungia chooni, nimechelewa kidogo; kanzu ni shahidi. Wakauzunguka mlango.

"Sheikh, wametokea upande gani?"

"Tuwafiche wapi watoto?"

Nikajikohoza tu. Kisha nikasikia sauti ya Athumani. "Baba, kama kuna jambo sema! Askari wanakuja na bunduki, wanadhani sisi ndio tumeanza. Watatupiga!"

Ndugu zangu, hapo haya zangu zikaisha. Watu wangekufa kwa ajili ya tumbo langu. Nikapiga kelele kwa sauti ile ile ya mimbari:

"Hakuna vita! Ni haluli! Sikupata choo tangu nishuke chomboni, nimenyweshwa chupa nzima, sasa nakipata! Rudini mkasali!"

Kwanza mwanamke mmoja upande wa pili wa ua akaangua kicheko. Wazee wakafuata. Na askari nao, waliofika wakitweta, wakaketi chini na bunduki zao wakicheka hadi machozi.

Athumani akaja mlangoni taratibu. "Baba, si ungeniambia tu? Hata mimi muhogo ule hunifunga."

Alhamdulillahi, hakuna aliyeumia. Wamesalishwa na muadhini, mimi nimesali adhuhuri chumbani peke yangu. Daktari kapelekewa habari, kanitumia chupa nyingine kwa huruma. Nimeirudisha.

Natarajia kurudi kwa chombo kijacho. Mwenye kucheka na acheke sasa, amalize kabisa. Siku nitakayoshuka bandarini nataka nione nyuso za watu waliotoka mazikoni.