Zimanyota Anavitaka vya Nini?

Jumatatu, 3 Machi

Daktari amesema moyo wangu umechoka. Nikamuuliza, umechoka kama mtu aliyepanda ngazi, au kama betri? Akafikiri kidogo. Kama betri, akasema, akafunga mkoba wake. Basi nitakufa. Si leo, nadhani. Kwa hiyo shajara hii ni ya kuungama, na mtu anayeungama hasemi uongo. Labda mdogo.

Kilichobaki ni kitabu. Cha tano, cha mwisho. Vinne vimo kabatini, vimechapwa, vina mnara kwenye jalada. Ndani yake Zimanyota, mfalme muovu mwenye joho la majivu, anasaka vitu vitatu vya ajabu: Upanga Usiolala, Ufunguo wa Mlima na Kipimaroho. Amechoma miji. Amekausha mto. Amemla farasi wa shujaa, bila chumvi.

Leo mhariri amepiga simu. Nilimfundisha jiografia akiwa binti mdogo, sasa yeye ananifundisha kuandika. Dunia duara. Akasema, Mwalimu, sura zote nimesoma, tamu kabisa, nina swali moja tu: huyu Zimanyota anavitaka vya nini?

Nikacheka. Nikamwambia ni wazi, anataka kuitawala dunia.

Akasema, lakini Mwalimu, anaitawala tangu kitabu cha pili.

Nikamwambia simu inakatika. Haikuwa inakatika. (Uongo mdogo.)

Jumanne, 4 Machi

Nimefikiri mpaka chai ikapoa. Uzima wa milele? Anao. Nilimpa katika kitabu cha tatu, nilipokosa namna ya kumtoa kisimani. Kisasi? Aliyemkosea nilimuua mapema mno. Mali? Ana mlima mzima wa dhahabu na hana pa kuitumia, maduka yote ameyachoma mwenyewe!

Nikampigia mhariri. Nikamwambia ni mbaya tu, basi, watu wabaya wapo. Akasema, Mwalimu wangu, hata mbu ana sababu. Kisha akasema kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha, kwamba mitambo ya kuchapa inanisubiri mpaka Jumatatu ijayo. Bila sababu ya Zimanyota, kitabu hakiingii mitamboni. Nami sina uhakika wa Jumatatu nyingi.

Nimepata wazo! Mtu aliyeshiba hawezi kuieleza njaa. Mimi sijawahi kutamani kitu cha mtu. Nitaiba. Nikishaiba nitajisikiliza, na nitakachokisikia nitakiandika. Ni utafiti.

Jumatano, 5 Machi

Katika nyumba hii kitu chenye nguvu kuliko vyote ni mkasi wa shemeji. Shemeji ni mume wa dada yangu. Naishi kwao tangu miguu iliponisaliti. Watu humwita Fundi. Alishona suti maisha yake yote. Sasa mikono inatetemeka, hashoni, lakini kila asubuhi anaupaka mkasi mafuta na kuufunga kwenye kitambaa cha sufu. Ni wa nguo tu. Ukikata karatasi kwa mkasi wa nguo umeuua makali yake. Dada aliwahi kukatia bahasha, na Fundi akala chakula chake ukumbini peke yake wiki nzima.

Mimi na Fundi hatuna maneno mengi. Yeye hufungulia redio mpaka vikombe vinacheza. Mimi nikilalamika, husema vitabu vyangu ni hadithi za mazimwi kwa watu wenye ndevu.

Alipoingia kuoga nikaenda kwenye cherehani yake. Mkasi umo kwenye kisanduku, chini kabisa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Methali hii aliitunga kijana. Niliinama vizuri; kuinuka ndiko kulikochukua muda. Nikarudi chumbani, nikauweka chini ya mto wa kiti, nikaukalia.

Nikangoja nguvu zije. Kwanza, hakuna kitu. Kisha baridi. Kisha ncha.

Fundi akaukosa. Nyumba ikatikisika. Mwishowe akaingia chumbani kwangu, mtu ambaye sikumbuki lini aliwahi kuvuka kizingiti hiki. Akakaa kitandani, ameishiwa nguvu. Akasema, shemeji, mkasi ule ndio mimi. Akaanza kunisimulia juu ya bwana harusi mmoja mwenye bega moja chini na jingine juu, na jinsi alivyomkatia koti la kudanganya macho. Siku ya harusi bega zima likaonekana ndilo bovu, na mama mkwe akataka arudishiwe binti. Tukacheka mpaka dada akaja kuona nani anakufa. Fundi ameondoka jua limezama, bila mkasi.

Matokeo: hamu ya kutawala, hakuna. Nimekunywa chai birika zima. Sielewi.

Alhamisi, 6 Machi

Pengine kosa ni la kitu. Leo, ufunguo.

Dada huvaa shingoni ufunguo wa stoo. Ndani ya stoo mna sukari, na daktari amenikataza sukari. Huuvua mara moja tu, anapoosha nywele kwenye beseni. Nikaunasa kwa kichwa cha bakora yangu kama mvuvi hodari. Nikauficha ndani ya soksi ya kushoto.

Hapo ndipo ninaposhangaa hata sasa. Nilikuwa nimeishika sukari yote ya nyumba na sikukumbuka kwenda kuufungua mlango! Nilikaa kitini, nikautazama mlango wa chumba changu.

Dada akaja, nywele zinadondoka maji. Akapekua viatu vyangu. Akasema, kaka, za mwizi arobaini, wewe unaelekea thelathini na tisa. Nikamwambia namshangaa kumshuku mgonjwa. Akasema mgonjwa anayetembea kimya ndiye wa kuogopwa. Kisha kwa kuwa alikwisha kukaa sakafuni, akasema anikate kucha. Mguu wa kulia akaumaliza. Akaugusa wa kushoto. Nikamwambia huo hauna kucha. Akasema tangu lini? Nikasema tangu nianze kuumwa.

Akaniacha na kucha zangu, ila hakuinuka. Akamwiga mama yetu akiita kuku, sauti ileile ya puani. Nilikuwa nimeisahau sauti ile. Akaniigia tena nilipomwomba.

Matokeo: sijui niandike nini. Macho yaliingia vumbi.

Ijumaa, 7 Machi

Siku ya muuguzi. Ni mama mnene, mcheshi, hunipima presha kila Ijumaa. Leo akaitazama mashine mara mbili. Babu, akasema, presha imeshuka vizuri, umekula nini wiki hii? Nikamwambia utafiti.

Mashine ya presha! Ndiyo Kipimaroho hasa! Alipokwenda kunawa mikono nikaiingiza chini ya blanketi nililojifunika kitini.

Aliondoka, akarudi mbio. Wakamwita dada, wakamwita Fundi. Wote chumbani kwangu. Wakatafuta, wakachoka, wakaleta viti kutoka jikoni, ikaletwa chai. Fundi akasimulia ya bwana harusi upya na bega likawa limezidi kushuka. Muuguzi akalia kwa kicheko. Ilikuwa kama harusi isiyo na bibi harusi. Nilikuwa na upanga chini yangu, ufunguo kwenye soksi na kipimo ubavuni. Vyote vitatu! Zimanyota hakuwahi kufika hapa! Nikajisikiliza. Nilisikia raha. Raha ya nini?

Katika kunyoosha mguu nikabonyeza kitu. Blanketi likaanza kunguruma. Likavimba. Likapiga mlio.

Fundi akalivuta blanketi. Kisha akaniinua kwapani, mto ukateleza, akauona mkasi wake. Nilipokanyaga chini ufunguo ukanichoma, nikapiga yowe, nao ukajulikana.

Fundi akasema, mwalimu mzima! Dada akasema, sukari, sivyo? Muuguzi akasema, babu, ungesema tu nikuachie picha yangu. Kisha wote kwa pamoja, kana kwamba walipanga: unavitaka vya nini?

Nikauliza kama chai imebaki.

Jumamosi, 8 Machi

Kila mtu na chake. Dada ameufunga ufunguo kwa pini ndani ya nguo. Fundi amefungulia redio, chumba chake kimefungwa. Hakuna aliyeingia, isipokuwa sahani ya mkate iliyosukumwa mlangoni.

Nimeandika ukurasa mmoja. Zimanyota amekaa mnarani, ana vitu vyote vitatu mapajani, anatazama lango. Kwa nini anatazama lango? Simwelewi mtu huyu. Nimeuchana.

Kesho kutwa ni Jumatatu. Kifuani mnapiga vibaya. Presha imepanda, naijua, ila hakuna wa kuipima.

Jumapili, 9 Machi

Mhariri amekuja mwenyewe! Dada ndiye aliyemwita, apate wa kumshtakia. Akamsimulia yote, na ziada: eti nililia kwa ajili ya kuku.

Mhariri hakucheka. Akavua miwani, akaifuta taratibu, akaiweka kitandani. Akasema, Mwalimu, si ndiyo sababu yenyewe hiyo? Nikamuuliza ipi. Akasema, mnara usio na kitu nani ataupanda? Zimanyota anavichukua vitu vya watu ili watu waje kuvitafuta. Yule shujaa ndiye mgeni wake pekee. Ukaona?

Nikawaka. Nikamwambia Zimanyota ni tisho la milima saba, si kizee kinachongoja kutembelewa! Dada akakohoa. Fundi, aliyekuwa amesimama mlangoni eti anapita, akasema naam, kizee gani huyo sasa.

Mhariri akasema niandike hivyo, ukurasa mmoja tu, na kesho kitabu kinaingia mitamboni. Akaushika mkono wangu. Akasema, nataka ukishike kikiwa kimechapwa, Mwalimu. Nikamwambia nitalitafakari. Mvua ikaanza, akaondoka mbio.

Jumatatu, 10 Machi

Nimetafakari. Wazo la mhariri ni la kitoto. Nimeandika ukweli: Zimanyota anataka kuitawala dunia iliyo chini ya dunia hii, ambako kuna watu wengine. Sababu thabiti. Ina kina.

Asubuhi amepiga simu, anauomba ukurasa. Pia akauliza kama nimeiona miwani yake. Bila hiyo hasomi hata jina lake, na mitambo imesimama kumsubiri. Nikamwambia nitaitafuta, ila kwa umri wangu kutafuta ni safari. Akasema basi atakuja jioni aitafute mwenyewe.

Ipo hapa, chini ya paja. Niliichukua lini sijui, na ya nini sijui. Nimeijaribu: naona ukungu mtupu.

Fundi ameitwa aje kusogeza kitanda. Muuguzi, aliposikia, amesema atapita na mashine yake. Nimemwambia dada aongeze viti, na maji ya chai yawe mengi, kwani upekuzi huu utachukua muda.

Kuna tatizo moja tu. Wakiipata miwani mapema, jioni yote itakuwa imekwisha saa hiyohiyo. Lazima pawe na kitu kingine. Fundi ana kofia moja ya manyoya. Sijui kwa nini, leo inanivutia ajabu.