Kiti cha Kushoto cha Bi Delphine

Jumatatu, 5 Agosti 1985

Bi Delphine ametangaza. Jumamosi atatupima, na atakayetua vizuri zaidi ndiye atakayerithi kiti cha kushoto cha ndege yake, kile cha rubani. Macho yamechoka, anasema. Miaka thelathini ya kupeleka unga, barua na wavuvi wa mjini kwenye vibanda vya ziwani inamtosha. Wanafunzi ni wawili: mimi, Toivo, muuza chambo, mtu wa maji tangu utotoni, na Verna Kejick, karani wa posta, miaka sitini na mmoja, anayefuma soksi. Soksi! Nikauliza kama hii ni dhihaka.

Lempi, mke wangu, naye ametangaza lake. Nisipopata kiti, barafu ya majira ya baridi haitanikuta hapa: nitakwenda mjini Thunder Bay, kwenye kiwanda cha mbao cha kaka yake Urho. Ruba wangu wa chambo wameishi chini ya sinki lake miaka tisa, anasema, na amechoka kuamkiana nao. Nikamwambia ajiandae kuwa mke wa rubani. Akasema ameshajiandaa kuwa mke wa mtu yeyote mwenye mshahara.

Somo la leo: pampu. Tena! Hii Beaver, ndege ya Bi Delphine ya mwaka 1953, haina magurudumu. Imesimama juu ya maboya mawili marefu ya bati, kila boya limegawanywa vyumba, na kila chumba kinavuja kwa tabia yake. Asubuhi unachomeka pampu ya mkono, unavuta, unahesabu mivuto mpaka maji yaishe, unamtajia Bi Delphine, naye anaandika kwa chaki mlangoni. Wiki ya saba hii! Nilikuja kujifunza kuruka, nimekuwa mkamua mabati. Verna anakamua huku anaimba. Unafiki mtupu.

Jumanne, 6 Agosti

Leo kuegesha. Kosa halikuwa langu. Ndege ya maji haina breki, jambo ambalo walioiunda wangelionea haya. Unazima injini mapema, unaiacha ielee yenyewe hadi gatini, unaruka na kamba. Nilichelewa kidogo kuzima, kwa kuwa gatini palikuwa na watu na nilitaka wausikie mlio vizuri. Boya la kushoto likapanda gati. Meza yangu ya chambo ikaingia ziwani na ndoo mbili za ruba. Waliokuwa wanaogelea walitoka majini kwa mbio ambazo sijawahi kuziona katika wilaya hii.

Bi Delphine hakufoka. Yeye hunong'ona, na hilo ndilo baya zaidi. "Toivo, baba, ndege inataka kuutazama upepo. Wewe unataka kutazamwa na watu. Hamtaelewana."

Halafu hili la usukani. Beaver ina usukani mmoja tu, juu ya mkono wa chuma unaogeuka. Mwalimu akiutaka, anaupindua, unahamia upande wake. Leo kaupindua mara tatu. Bila hodi! Kama mama anayempokonya mtoto kisu.

Verna akaegesha baada yangu. Ndege ikagusa gati kama paka anayejisugua mguuni mwa mtu. Akashuka, akafunga kamba, akaniuliza, "Shemeji, hao ruba wako wanajua kuogelea?" Wote wakacheka. Nimeandika majina yao.

Jumatano, 7 Agosti

Nimegundua jambo. Idadi za mivuto hazibadiliki sana. Chumba cha kwanza minne, cha pili miwili, cha tatu sita. Sasa nikamue kwa nini? Nikakaa juu ya boya dakika kumi, nikitikisa mabega ili wa mbali waridhike, nikala mkate wa Lempi, kisha nikamtajia Bi Delphine hesabu za jana. Nilibadilisha moja, zisifanane mno.

Akaziandika zote. Akaniuliza kama nina hakika na chumba cha tatu, boya la kulia. Nikasema kwa heshima yangu yote. Akasema vizuri, maana asubuhi mapema yeye mwenyewe alimimina humo ndoo mbili za maji.

Mtego! Kwa mtu mzima! Nikamwambia kuwa mwalimu anayezamisha ndege yake kwa mikono yake hana uso wa kumfundisha mtu uaminifu. Akanikabidhi pampu. Mivuto themanini na mmoja. Verna alinihesabia kwa sauti, "usije ukachanganyikiwa, shemeji."

Alhamisi, 8 Agosti

Upepo umekufa. Ziwa limelala kama kioo, na Bi Delphine amefurahi. Jumamosi itakuwa hivihivi, anasema, na hapo ndipo rubani anapojulikana. Kwenye maji ya namna hii hujui maji yako wapi: mawingu juu, mawingu chini. Wapo waliojibamiza wakidhani wana mita kumi bado. Wapo waliodhani wamefika, kumbe wako usawa wa paa la nyumba. Dawa yake: shuka kandokando ya ufuko, miti ikupe kipimo. Inua pua kidogo. Bakiza mafuta kidogo, injini isizime. Usiguse kitu. Subiri mpaka maji yenyewe yaje.

Nilisubiri. Muda mrefu kabisa! Bi Delphine anadai ni sekunde nne. Nikaamua kuyatafuta maji kwa pua ya ndege, na usukani ukanihama.

Zamu ya Verna, mimi nikiwa nyuma. Alisubiri kama anayesubiri mkate uive. Nusu ya ziwa ikaisha! Nilishikilia kiti kwa mikono miwili hadi aliponigeukia kuniambia kwamba tumeshatua kitambo.

Siwezi kushindana na mwanamke asiye na haraka. Lazima nitumie akili.

Ijumaa, 9 Agosti

Nimetumia akili. Tatizo ni nini? Maji hayaonekani. Basi yawekewe alama! Kitu gani hukaa juu ya maji kwa hiari yake? Shakwe. Shakwe huitwa na nini? Dagaa. Na nani, katika ziwa zima, ana ndoo tatu za dagaa waliokufa kwa joto? Kesho asubuhi nitawamwaga mbele ya ufuko wa kaskazini. Shakwe watakaa, nitawaona, nitajua maji yalipo. Nikikaribia watatimka, maana shakwe ni waoga. Nashangaa hakuna aliyewahi kulifikiria hili.

Nikamweleza Lempi. Akanitazama sana. Akauliza kama Bi Delphine anajua. Nikasema mtihani si mahali pa kumwambia mwalimu kila kitu. Akainuka, akaenda kulishusha sanduku langu la safari kutoka juu ya kabati. Nadhani ananitafutia lile koti zuri.

Jumamosi, 10 Agosti

Fedheha! Nimedhulumiwa.

Nilimwaga dagaa saa moja. Shakwe walikuja sitini hivi. Safi kabisa. Lakini wakaja na wale wakubwa weupe wenye mfuko chini ya mdomo, kama arobaini. Hawa hawakuwamo kwenye mpango. Hawa wakila hawaondoki. Wakishiba hata kupaa ni kazi.

Kura ikanipa zamu ya kwanza. Nilishuka vizuri, na yeyote mwenye nia njema angekiri. Maji yalionekana waziwazi: ni pale palipojaa migongo myeupe. Pua juu. Mafuta kidogo. Shakwe wakatimka, ila walitimkia kwangu! Wale wa mifuko hawakusogea. Walinitazama kama wazee wa kanisa wanaomtazama aliyechelewa. Bi Delphine akanong'ona: nani kawaalika hawa? Nikasema ni maumbile.

Usukani ukanihama. Injini ikanguruma, tukawapita juu ya vichwa, nikaliona jicho la mmoja wao. Halikuonyesha majuto yoyote. Bi Delphine akatua kwenye ghuba ya pili, akazima injini, akaushika mkono wangu, akaunusa, akaurudisha pajani pangu.

Kisha akasema, si kwa kunong'ona safari hii: "Watu wa vibandani watakaa nyuma yako, Toivo. Wana watoto. Hawatajua umemwaga nini."

Jibu nililipata tuliporudi gatini, lakini alikuwa keshaondoka na Verna.

Tuliokuwa gatini tuliwaona wakiizunguka ghuba mara moja. Verna akashuka kandokando ya miti, akasubiri. Akasubiri. Mbwa wa mtu akalala. Kisha maji yakachorwa mistari miwili myembamba, na ndege ikawa imetua. Kiti ni chake.

Nikakata rufaa palepale. Mimi pia nilitua salama, nikasema, maana nilikuwemo ndani. Bi Delphine akasema hata gunia la unga hutua salama likiwemo ndani.

Jumatatu, 12 Agosti

Nimesafirishwa hadi penye barabara kwa Beaver ileile. Verna kiti cha kushoto, Bi Delphine kando yake, mimi nyuma juu ya magunia ya barua. Walinipima kwa mizani pamoja na sanduku langu, hadharani, na Verna akauliza kama shemeji amemeza mawe. Tulipotua alinipa soksi. Zinanienea, jambo ambalo limeniudhi zaidi.

Lempi atafuata akishauza ruba. Alinibusu, akasema, "Mume wangu, huko fanya unachoambiwa tu." Nimemwahidi.

Jumatano, 14 Agosti

Thunder Bay. Mbao kila mahali. Urho ni mtu mwema. Leo aliniuliza kama nimewahi kuendesha kreni, ile kubwa ya kuinulia magogo, yenye kibanda cha vioo kule juu. Kuna Mfini mmoja, mtu wa asili ya Finland kama sisi, anajifunza mwezi wa tatu sasa, na bado anaikagua minyororo yote kabla ya kupanda. Mwezi wa tatu! Kwa mashine iliyosimama mahali pamoja!

Nikasema nina uzoefu wa miaka tisa. Urho akanipa mkono kwa furaha. Kesho saa moja napanda. Humo ndani mna kitabu cha maelekezo, lakini sitakifungua mbele ya watu, wasije wakadhani sijui.

Mna wenzo mwekundu na wenzo mweusi. Nadhani mwekundu ndio wa kuinua.