Redio ya Mume wa Kong Thrina

Beji ilikwenda wapi? Msimulizi angependa kuanza kwa kulijibu swali hili, lakini kwa sasa hana jibu, na heri msimulizi anayekiri kuliko anayebuni. Kinachojulikana ni hiki: katika sebule ya akina Nongsiej, mtaa wa Laban, mjini Shillong, ilikaa amplifaya ya gitaa ya marehemu mjomba Wellborn, na juu ya kitambaa chake cha mbele palikuwa na matundu mawili ya skrubu, na baina ya matundu hayo hapakuwa na kitu. Zamani palikaa beji ya shaba yenye jina Wexcombe, jina la mafundi wa Uingereza waliounda amplifaya chache, wakafilisika kwa heshima, na tangu hapo wakawa wanatafutwa na watu wenye fedha kuliko walivyopata kutafutwa walipokuwa na njaa.

Nyumba ilikuwa ya Ibanri, kwa kuwa ada ya huko humrithisha nyumba binti wa mwisho. Amplifaya, hata hivyo, mjomba alimwachia Shanbor, kaka yake Ibanri, kwa maneno mafupi: "Ipigwe." Shanbor alikuwa ameitii amri hiyo kwa namna yake. Aliipiga picha.

Kazi yake ilikuwa mnada wa mtandaoni, upande wa amplifaya zilizotumika. Alinunua masanduku mabovu kutoka Kolkata, akayapaka maji ya chai iliyokolea, akayaning'iniza juu ya moshi wa jikoni hadi yakapata umri, kisha akayatangaza kwa picha za amplifaya ya mjomba. Mnunuzi aliona mirija ya kioo ikiwaka kama makaa. Alichopokea ni sanduku linalonuka chai na nguruwe wa kukaushwa. Akilalamika, Shanbor aliilaumu barabara ya kwenda Guwahati, nayo barabara haikuwahi kujitetea. Kwa njia hiyo amplifaya ya mjomba ilikuwa imeuzwa mara kumi na moja bila kutoka sebuleni. Mara ya kumi na moja waliuziwa vijana wa kanisa la mtaani, na sanduku lao lilipasuka na kurusha cheche Jumapili ya Pasaka, katikati ya pambio la ufufuo.

"Kaka, wale watoto walichanga miaka miwili," Ibanri alimwambia siku hiyo.

"Mdogo wangu, umeme wa Shillong una wivu na vitu vizuri. Mimi nifanye nini?"

"Wape ya mjomba."

"Hii? Hii ni mtaji."

Sasa, kila mjanja ana sala yake ya asubuhi. Ya Shanbor ilikuwa kupekua mnadani matangazo yaliyoandikwa vibaya: mjane anayeuza gitaa la thamani kwa jina la "kinanda cha nyuzi", mrithi asiyejua alichorithi. Penye ujinga wa mwenzio, alipenda kusema, ndipo penye riziki yako. Na Jumatatu moja, kabla chai haijapoa, riziki ilimtazama usoni.

Tangazo lilisema: "Redio ya marehemu mume wangu. Ina taa ndani. Sijui kama inafanya kazi. Mnunuzi aje kuichukua mwenyewe, Mawlai. Thrina."

Picha ilikuwa moja, imepigwa na mtu ambaye bila shaka mkono ulimtetemeka: nusu yake ukuta, robo yake paka, na kwenye pembe kipande cha kitambaa cha dhahabu kilichofifia. Juu ya kitambaa, iking'aa kama jino la dhahabu katika kinywa cha maskini, beji ya shaba. Herufi tano tu zilionekana: COMBE.

Shanbor aliweka kikombe chini. Aliitazama picha hiyo kama muumini anavyomtazama malaika aliyekosea nyumba.

Alimpigia simu Daktari Apte, daktari wa meno wa Pune aliyekuwa akikusanya Wexcombe kama wengine wanavyokusanya dhambi. Huyo ndiye aliyewahi kuikataa amplifaya ya mjomba kwa sababu ya matundu mawili.

"Bila beji ni sanduku, bwana," alisema tena, kwa sauti ya mtu aliyezoea kusema mbele ya watu wasioweza kujibu.

"Na ikiwa na beji yake?"

"Beji ya asili? Laki mbili. Lakini nitaikagua kama jino."

Tatizo lilikuwa Klur. Klur alikuwa mchuuzi mwenzake, mwenye duka lenye ukubwa wa kabati karibu na Police Bazar, na macho yake yalisoma pembe za picha sawasawa na ya Shanbor. Ili kumshinda, Shanbor alihitaji fedha taslimu, na fedha yote aliyokuwa nayo ilikuwa imekaa sebuleni ikiwa na matundu mawili. Akapiga hesabu ya kijanja: atauza Wexcombe isiyo na beji anunue iliyo na beji. Hiyo si kuuza urithi. Ni kuuvisha nguo mpya.

Usiku huo alimweleza dada yake. Alitegemea kelele. Ibanri aliendelea kukata popoo.

"Ni yako," alisema. "Mjomba alikupa wewe. Sitakuzuia."

"Hukasiriki?"

"Nimekasirika tangu Pasaka, kaka. Nimechoka. Uza."

Mwenye hekima angejiuliza kwa nini mwanamke aliyegomba miezi mitano ananyamaza siku ya mwisho. Shanbor alidhani ameshinda hoja. Akaitangaza amplifaya kwa ukweli mtupu, kwa kuwa hakuwa na muda wa kudanganya, na kwa mara ya kwanza picha na kitu vikawa kimoja. Siku ya Alhamisi ilichukuliwa kwa rupia elfu hamsini na tano na mtu aliyejiita Sohphlang, jina la mzizi unaochimbwa na kuliwa mbichi. Dereva wa teksi akaja, akalipa, akaibeba. Shanbor hakuuliza inakwenda wapi. Ni kanuni ya biashara: asiyeuliza hadanganywi.

Mnada wa redio ulikuwa ufungwe Jumamosi saa kumi kasorobo alasiri. Hapo Shanbor alicheka hadi akapaliwa. Saa hiyo, Shillong nzima huwa haina macho wala masikio: wapiga mishale wako uwanjani, na mji mzima umesimama kwenye vibanda vya tiketi za bahati nasibu kusubiri idadi ya mishale iliyogonga shabaha, kila mtu na namba aliyoiota. Aliyeota nyoka, aliyeota harusi, aliyeota mama mkwe. Nani atakumbuka mnada? Ni mjane asiyejua dunia tu angefunga biashara wakati wa mishale.

Dakika tano kabla, bei ilikuwa elfu tatu. Kwa tahadhari, akampigia Klur.

"Uko wapi, ndugu yangu?"

"Kwenye mishale, si unajua," alijibu Klur. "Nimeota tembo. Watu wamejaa hapa, hata kupumua taabu."

Nyuma ya Klur palikuwa kimya kiasi kwamba saa ya ukutani ilisikika ikigonga.

"Na wewe?" aliuliza Klur.

"Mimi pia niko kwenye mishale. Msongamano!"

Nyuma ya Shanbor, jogoo wa jirani akawika peke yake.

"Haya, bahati njema."

"Na kwako, ndugu."

Wakakata simu wakiwa na mapenzi makubwa, na bei ikaruka hadi elfu kumi na mbili. Shanbor akaipandisha hadi ishirini. Ikajibiwa ishirini na tano. Hapo kila mmoja alimtambua mwenzake kama fisi wawili wanavyotambuana penye mfupa mmoja, na aibu ikaondoka. Elfu thelathini. Elfu arobaini. Elfu hamsini. Shanbor alitoa akiba yake ndogo ya Krismasi, akaandika hamsini na nane, akafumba macho. Alipoyafumbua, saa ilikuwa kumi kasorobo, na redio ya marehemu ilikuwa yake.

Klur akatuma ujumbe mmoja: "Tembo hajatoka."

Jumapili, baada ya ibada, Shanbor alifika Mawlai. Njiani alikuwa na hofu moja: je, mjane akishangaa bei hiyo, akamwita mtu mwenye akili, akagundua alichonacho? Kwa hiyo alikuwa ameandika karatasi, kwa mwandiko wa kisheria: "Baada ya malipo, hakuna upande utakaorudi nyuma, hata ukigundua kuwa kitu kilichouzwa si kile ulichokidhania." Aliipenda sana sentensi hiyo ya mwisho. Aliisoma mara mbili barabarani.

Kong Thrina, kama wanawake wanavyoitwa huko kwa heshima, alikuwa mwanamke wa miaka sabini, mkono wake imara kama wa seremala. Alimkaribisha, akamketisha, akamtengenezea tambuu kwa jani, popoo na chokaa. Kitu kikubwa kilikaa pembeni, kimefunikwa shuka.

"Kula, mwanangu. Umelipa fedha nyingi kwa kitu cha zamani."

"Kong, mimi ni mtu wa kumbukumbu. Redio zinanigusa moyo."

"Mungu akubariki. Marehemu aliipenda hiyo redio kuliko mimi."

"Ila kuna karatasi ndogo hapa. Ni utaratibu tu. Ili baadaye asije mtu akakusumbua."

Kong Thrina akavaa miwani, akasoma taratibu, akisogeza midomo.

"Umeandika mwenyewe?"

"Kwa mkono wangu."

"Una akili, wewe. Mimi nisingeweza kuiandika vizuri hivi." Akatia sahihi. Shanbor akatia sahihi. Fedha zikabadili mikono juu ya tambuu, na watu waliokwisha kula tambuu pamoja hawarudi nyuma, karatasi iwepo isiwepo.

Kisha Kong Thrina akavuta shuka.

Ilikuwa redio.

Ilikuwa redio kubwa, ya mbao, yenye vitufe vinne na kioo chenye majina ya miji, kitambaa chake cha dhahabu kimefifia. Ilikuwa na taa ndani, kama alivyosema. Na juu ya kitambaa, kwa skrubu mbili, ilifungwa beji ya shaba ya Wexcombe, isiyohusiana na redio hiyo zaidi ya kofia ya askofu inavyohusiana na mbuzi.

"Kong," alisema Shanbor, na tambuu ikamgeukia mdomoni. "Hii ni redio."

"Niliandika nini?"

"Lakini hii beji..."

"Ah, hiyo! Mjomba wako alimpa mume wangu siku ya harusi yetu. Mimi nilikuwa napiga ngoma katika bendi ya Wellborn, hukuambiwa? Hakuwa na zawadi, masikini, akachukua bisibisi akafungua beji mbele ya wageni. Akasema, 'Mke wako anapiga kwa nguvu kuliko amplifaya yangu, ichukue wewe.' Mume wangu akaifunga kwenye redio, akaisugua kila Jumapili miaka arobaini."

Hivyo ndivyo beji ilivyokwenda, na msimulizi analipa deni lake.

Shanbor alikuwa ameiinamia beji alipopigwa na sauti kutoka chumba cha pili. Ilikuwa sauti ya gitaa, nzito na yenye joto, inayoanza kama kikohozi cha mzee na kuishia kama wimbo. Aliifahamu kabla hajasimama. Alikuwa mtoto chini ya meza mara ya mwisho alipoisikia vizuri hivyo, mjomba akipiga, mama akimwambia apunguze.

Akafungua mlango. Vijana wanane wa kanisa walikaa chini kwenye mkeka. Katikati yao ilikaa amplifaya ya matundu mawili, mirija yake ikiwaka, na mbele yake, na gitaa mapajani, Ibanri.

"Sohphlang," alisema Shanbor.

"Naam, kaka."

"Fedha ya kuinunua ulitoa wapi?"

"Walichanga tena. Leo wanarudishiwa yote, na chenji ya chai juu. Wewe ndiye uliyeinunua amplifaya hii, kaka. Asante."

Vijana walicheka, mmoja hadi akalala chali. Shanbor akajaribu hasira, kama mtu anayejaribu koti la mwingine.

"Mmenitapeli! Ndugu wa tumbo moja!"

"Neno gani la uongo tuliliandika?" aliuliza Ibanri, bila kupandisha sauti. "Redio, tumesema redio. Tuliandika ukweli, kaka, kwa kuwa tulijua hutauamini."

"Na paka mlimweka wa nini?"

"Paka alijipeleka mwenyewe," alisema Kong Thrina kutoka nyuma. "Yule si mtu wa mipango."

Hapo Shanbor akafanya alichozoea kufanya anapoanguka: akatafuta cha kuokota. Alikuwa na beji. Dada yake alikuwa na amplifaya. Viwili hivyo vikikutana ni laki mbili.

"Mdogo wangu, sikiliza. Beji ni yangu kwa karatasi. Tuunganishe, tumuuzie yule daktari, tugawane nusu kwa nusu. Vijana hawa watanunua amplifaya mpya tatu!"

"Mpya kutoka wapi? Kwako?"

Kijana aliyelala chali akaketi. Usoni alikuwa na kovu dogo la moto kwenye kidevu, la Pasaka, na Shanbor, aliyekuwa amejifunza kutazama pembe za picha zote isipokuwa hiyo, aliliona.

"Sikuzuii," alisema Ibanri, kama alivyosema Jumatatu. "Beji ni yako." Akampa gitaa. "Ila kabla hujaenda, ipige. Hujawahi."

Ni kweli, hakuwahi. Alipiga nyuzi tatu, vibaya, na amplifaya ikayakuza makosa yake bila kuyaficha wala kuisingizia barabara. Hakuna kitu alichowahi kuuza kilichomjibu kwa uaminifu huo. Akapiga tena.

Simu ikalia mfukoni. Daktari Apte. Shanbor aliitazama, akamwomba Kong Thrina bisibisi, akarudi kwenye redio, akafungua skrubu mbili. Beji ilipokaa juu ya matundu ya zamani iliingia bila kulazimishwa. Simu ilikuwa bado inalia. Akaiweka kwenye spika ili wote wasikie.

"Umeipata?" alisema daktari. "Ina beji?"

"Ina beji, daktari, na imewashwa. Haiuzwi. Kila Jumamosi vijana wa kanisa wataipiga, na mimi ndiye nitakayeibeba. Nilichonacho cha kuuza ni redio moja, na nitaiandika redio."