Pingamizi la Wakwe wa Tunduma kuhusu Meza Moja

Tunduma,
9 Juni 1955

Kwa Bwana Shauri, Bomani.

Bwana Mheshimiwa,

Shikamoo. Mimi ni Elina binti Boazi, umri wangu miaka kumi na sita. Nimesoma miaka minne ng'ambo ya mpaka, Nakonde, kwa Kiingereza, na mitatu upande huu kwa Kiswahili, ndiyo maana wazee wamenipa kalamu. Kusema mbele za watu siwezi. Nilipowasomea mapendekezo yenu ya katiba ya nchi niligeukia ukuta, na kila kifungu mzee mmoja alinikatiza: "Sauti, mwanangu. Ukuta umekwisha sikia, bado sisi."

Basi mji umesikia, na mji unapinga, kwa heshima zote, kama ifuatavyo.

Kwanza. Kifungu cha nne kinasema Baraza la mji litakuwa na wajumbe kumi na wawili, wanaume kwa wanawake, wakikaa kwenye meza moja na kutazamana. Bwana, huku kwetu mwanamume hamtazami mama mkwe wake. Wakikutana njiani yeye huingia majanini, mama naye hujifunika kanga na kugeuka, mpaka njia iwe wazi. Hata kanisani tumetoboa mlango wa pili kwa ajili hiyo. Sasa wajumbe wetu tumekwisha wapendekeza, na nimewahesabu mwenyewe: kumi na mmoja ni wakwe kwa wakwe. Siku ya mkutano wa kwanza watu kumi na mmoja watakuwa majanini.

Pili. Mnasema kura ipigwe kwa kupanga mstari nyuma ya mgombea. Mstari, Tunduma? Tulijaribu Jumamosi, tusije tukaambiwa tumekataa tusichokionja. Mzee Raphaeli aligeuka, akamwona mama wa mkewe nyuma yake, akatoka mbio akavuka mpaka. Amerudi Jumatatu.

Tatu. Mjumbe wa kumi na mbili, ambaye hana mkwe, ni Nikodemo fundi baiskeli, kwa sababu hajaoa. Ukichanganya sheria yenu na desturi yetu, Baraza ni yeye peke yake. Tangu neno hilo lisemwe anatembea mikono nyuma. Ametangaza kwamba sheria yake ya kwanza itapunguza mahari. Na kina mama wenye mabinti wameanza kumpelekea uji, Bwana. Akioa, serikali imeanguka.

Nne. Kwa hiyo tunaomba kila mjumbe ajengewe nyumba yake ya mkutano, jumla kumi na mbili, madirisha yasielekeane, pamoja na mtu wa kukimbiza maneno kutoka nyumba hadi nyumba. Kama Serikali haina matofali, basi katiba ibadilishwe kwa nchi nzima, toka huku mpaka pwani, mikutano yote ifanyike watu wakiwa wamepeana migongo. Wazee wanaamini hata kwenu Ulaya mikutano ingekwisha mapema.

Tano. Hili hawakuniagiza. Mjumbe mmojawapo ni mama yangu, Anastazia, aliyependekezwa na wanawake wote wa sokoni. Mwingine ni Luka, mume wa dada yangu Tabita. Meza ikibaki moja, mmoja wao atajitoa, na mama ameshaambiwa ni nani. Alijibu "Haya," akaendelea kupepeta maharage yaliyokuwa safi tangu asubuhi. Kile kiti anakitaka kwa neno moja tu: kisima. Kiangazi tunakwenda kuchota ng'ambo, kwa watu ambao maji yao wenyewe hayawatoshi. Asipolisema yeye, nani atalisema? Wanaume wa hapa maji huyakuta mtungini.

Machache yangu yamekuwa mengi, naweka kalamu chini. Msalimie Bibi, karani wako, mpishi, na askari wa mlangoni. Huku wote wanakusalimu, isipokuwa Nikodemo, anayesema atakusalimu mwenyewe kwa cheo chake.

Mtiifu wako,
Elina binti Boazi
(kwa niaba ya mji, alama za vidole ziko nyuma)

Nyongeza. Kuna jambo wazee walinikataza kuandika: kukimbiana huku kuna mwisho. Mkwe akileta jembe na kuku, mama akampikia na kumpa chakula kwa mkono wake, haya imekwisha. Wanatazamana mpaka kufa. Luka amekuwa akiahirisha, huu mwaka wa sita, kwa kuwa anamwogopa mama, na sisi nyumbani tunamwelewa. Jana nilipowasomea wazee barua hii, Luka akisikiliza mlangoni, namba tano ilinitoka kwa sauti, sijui imekuwaje, na sikuwa nimegeukia ukuta. Asubuhi hii Luka amekuja na jembe begani na kuku kwapani. Mama alimtazama kwa muda mrefu.

"Kumbe ndiye wewe," akasema. "Kaa, ule. Halafu utaniambia hicho kisima mnakichimba wapi."

Sasa wanabishana uso kwa uso, Luka anataka karibu na soko, mama anataka karibu na shule, na wakwe wengine wametawanyika kutafuta kuku. Kwa hiyo mji unaikubali katiba. Meza moja inatosha. Barua hii ningeichana, lakini sijawahi kuandika kwa mwandiko mzuri namna hii, nikaona nikuletee tu uutazame.