Jinsi Fundi Miwani Alivyokirudisha Kiini cha Kale Enzini

Sogeeni, enyi wenye masikio, na wenye haraka nao waketi, nisimulie vita alivyopigana Fundi Miwani, bingwa wa vioo, mkata lenzi asiyetetereka, siku aliyojiletea msiba kwa kidole chake mwenyewe.

Asubuhi ile kompyuta inayoongoza mashine ya kukatia lenzi ilimwomba ruhusa ya kusasisha mfumo wake. Naye, kwa majivuno ya mtu aliyewahi kutengeneza redio ya mjomba, akabonyeza "Kubali" bila kusoma hata mstari mmoja. Mfumo ukapata kiini kipya, yaani ile sehemu ya ndani inayoviamrisha vifaa vyote. Kompyuta ilipowaka tena, programu ya kukatia lenzi, iliyotumika miaka tisa bila kunung'unika, ikaandika: "Mashine haionekani."

Kwenye kaunta alikuwa ameketi dereva wa basi, kafinya macho kama anayetunga uzi sindanoni. "Dada, saa nane napimwa macho kazini. Nikikosa miwani, usukani anapewa mwingine."

"Ewe nahodha wa barabara," akanena bingwa, jasho likimtiririka, "kabla jua halijapinduka, utamwona hata sisimizi akipiga mwayo!"

Akaingia vitani. Akachomoa waya, akachomeka. Akaupuliza, akaubembeleza, akautukana. Mashine ikamnyamazia kama mkwe aliyenuna. Ilipogonga saa sita, majivuno yakamshuka, akampigia simu shemeji yake, mtu wa kompyuta.

"Shemeji, programu imeharibika."

"Umebadilisha nini?"

"Nimesasisha. Kidogo tu."

"Basi programu ni nzima. Kiini kipya kimeziba njia ambayo programu ilikuwa ikiipitia kuifikia mashine. Zima, washa, orodha ikitokea chagua kiini cha jana. Halafu, shemeji, mikono mfukoni!"

Akawasha. Orodha ikatokea. Shujaa akavuta pumzi, akanyoosha kidole kilekile chenye hatia, akabonyeza mshale wa chini. Mara moja. Akathibitisha. Mashine ikanguruma, maji ya kupozea yakaruka, lenzi zikazunguka.

Saa saba na nusu dereva akavaa miwani, akamtazama usoni. "Kumbe dada una mvi!"

"Ni za leo," akajibu bingwa.

Na iandikwe, vizazi visome: siku hiyo mwanamke mmoja alibonyeza mshale mmoja, na basi la saa tisa likaondoka na dereva wake.